Uzi Unaoshonwa Katika Mafuta: Jicho la Samaki wa Ziwa Tanganyika na Mlango wa Protini

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika, kuanzia mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma hadi Ujiji na vijiji vya mwambao vilivyo kusini yake, umejengwa juu ya tabia moja ya samaki, nayo ni kuufuata mwanga. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai na siku hizi zaidi zikiwa taa za betri na za sola, kisha husubiri hadi viumbe wadogo wanaoelea majini, na dagaa wanaowala, wakusanyike chini ya mwanga huo, ndipo wavu huinuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu, mbalamwezi huenea ziwa zima na nguvu ya taa hupungua, hivyo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Kwa hiyo kalenda ya kazi ya maelfu ya watu, pamoja na kitoweo cha mikoa kadhaa, hufuata kile kinachotokea ndani ya jicho la samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Kinachotokea humo huanza na protini iitwayo rodopsini, ambayo hunasa mwanga hafifu na kuugeuza kuwa taarifa inayoweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Rodopsini haielei ndani ya maji ya seli kama zifanyavyo protini nyingine nyingi, kwa maana kazi yake huwezekana tu ikiwa imepita katika utando wa seli mara saba, ikienda na kurudi kama uzi wa mshonaji katika kitambaa. Namna protini mpya inavyoshonwa hivyo, tena wakati yenyewe ingali inatengenezwa, ni mojawapo ya maswali yaliyowashughulisha wanabaiolojia kwa zaidi ya miaka 50, na jibu lake linawahusu watu wa Kigoma kwa njia ya karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu linagusa samaki wao, mafuta yao na afya ya watoto wao.

Ukuta uliojengwa kwa mafuta

Tabia ya utando wa seli inaonekana waziwazi jikoni, katika vijiji vinavyozalisha mawese. Chikichi zikishachemshwa, zikapondwa na kukamuliwa, mchanganyiko wa mafuta na maji hurudishwa motoni, na baada ya muda mafuta mekundu hupanda juu yakajitenga, nayo huenguliwa taratibu hadi yabaki maji na mashapo peke yake. Hata mtu akikoroga kwa nguvu namna gani, akiacha tu, matone ya mafuta hutafutana na kukusanyika tena, kwa sababu molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyasukuma mafuta pembeni.

Utando wa seli hutumia kanuni hiyohiyo kujenga ukuta. Umetengenezwa kwa molekuli ziitwazo fosfolipidi, ambazo kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia, na zikiwa nyingi ndani ya maji hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, vichwa vikielekea nje kwenye maji na mikia ikijificha katikati. Kiini hicho cha mafuta kina unene wa takriban nanomita 3, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hata hivyo, wembamba huo unatosha kuzuia chumvi, sukari na karibu kila kitu kinachoyeyuka katika maji kisipite ovyo. Ili seli iweze kula, kutoa taka, kusikia homoni au kuona mwanga, lazima ukuta huo uwekewe milango, pampu na vipokezi, na hivyo vyote ni protini. Takriban robo ya aina zote za protini za binadamu ni za namna hii, na zaidi ya nusu ya dawa zinazotumika hospitalini hufanya kazi kwa kuzishika protini hizo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo amino asidi, ambavyo viko vya aina 20, vingine vikipenda maji na vingine vikiwa na tabia ya mafuta, na mnyororo huo hutengenezwa na mtambo mdogo uitwao ribosomu, unaofanya kazi ndani ya maji ya seli. Sehemu ya protini itakayokaa ndani ya utando inapaswa kuwa ya mafuta, lakini ikitokeza majini ikiwa hivyo, itafanya yale yafanywayo na matone ya mawese, yaani itajibana, itajikunja vibaya na kuganda pamoja na nyingine za namna yake. Kwa hiyo seli haiwezi kutengeneza protini ya utando kwanza, kisha ikaipeleka mahali pake kwa wakati wake, bali kwa protini nyingi za aina hii utengenezaji na uwekaji ni kazi moja, na hapo ndipo penye uzito wa somo zima.

Anwani iliyoandikwa ndani ya uzi

Mwaka 1971 Günter Blobel, mwanasayansi aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, alitoa pamoja na David Sabatini wazo kwamba protini hubeba ndani ya mnyororo wake maelekezo ya mahali inapotakiwa kwenda. Mwaka uliofuata kundi la César Milstein huko Cambridge, Uingereza, lilionyesha kwamba protini moja ya kinga ya mwili hutengenezwa kwanza ikiwa na kipande cha ziada mwanzoni, ambacho baadaye hukatwa, na kufikia mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein walikuwa wamekusanya ushahidi wa kutosha kulitangaza wazo hilo kwa ukamilifu. Kwa kazi hiyo Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Anwani hiyo haiandikwi kwa herufi maalumu, kwa kuwa ni mfululizo mfupi tu wa amino asidi zenye tabia ya mafuta. Mara unapochomoza kutoka katika ribosomu, hudakwa na chembe tambuzi ya ishara, ambayo kwa mamalia imeundwa kwa protini sita na kipande kimoja cha RNA, na ambayo iligunduliwa na Peter Walter akiwa na Blobel mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chembe hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huufunika mwanzo ule wa mafuta usiguse maji, na huipunguza mwendo ribosomu ili mnyororo usirefuke kabla ya kufika unakokwenda. Kisha huiongoza ribosomu nzima, pamoja na mnyororo wake ambao haujakamilika, hadi kwenye retikulamu endoplazimu, ambao ni mfumo wa tando zilizokunjamana ndani ya seli, na huko kipokezi maalumu huipokea na kuikabidhi mlangoni.

Mlango wenye ubavu unaofunguka

Mlango wenyewe ni protini iitwayo Sec61, ambayo jeni lake lilipatikana katika hamira na Raymond Deshaies na Randy Schekman mwaka 1987. Mwaka 2004 kundi la Tom Rapoport katika Chuo Kikuu cha Harvard lilitoa picha ya kwanza ya kina ya jamaa wa mlango huo kutoka katika kiumbe cha seli moja aishiye kwenye joto kali chini ya bahari, na picha hiyo ilionyesha kitu chenye umbo la faneli mbili zilizokutana kwenye shingo nyembamba, kikiwa na kizibo katikati na ufa mmoja ubavuni. Muundo huo unaeleza jinsi mlango mmoja unavyoweza kutoa hukumu mbili tofauti. Sehemu ya mnyororo ipendayo maji hupita moja kwa moja hadi upande wa pili, ilhali sehemu yenye mafuta ya kutosha hutoka kwa ubavu na kuingia katikati ya utando.

Hukumu hiyo hutolewa kwa kipimo kinachoweza kuhesabika. Sehemu inayoingia utandoni kwa kawaida hujizungusha katika umbo la hesi, mfano wa uzi wa skrubu, ambapo kila amino asidi huongeza takriban nanomita 0.15 za urefu, hivyo amino asidi 20 hutoa nanomita 3, ambazo ni unene uleule wa kiini cha mafuta. Mwaka 2005 Gunnar von Heijne na wenzake huko Stockholm walipima mchango wa kila moja ya amino asidi 20 katika hukumu hiyo, wakaonyesha kwamba mlango hufuata kanuni za kawaida za kikemia za mafuta na maji. Von Heijne alikuwa ameshagundua mwaka 1986 kanuni nyingine inayosaidia kuamua ncha ipi ibaki ndani ya seli na ipi itokee nje, nayo ni kwamba amino asidi zenye chaji chanya hupendelea kubaki upande wa ndani.

Rodopsini ya binadamu ina amino asidi 348, ambazo ribosomu huweza kuziunga kwa muda wa dakika moja hivi, na katika muda huo hesi saba lazima zipangwe moja baada ya nyingine, ya kwanza ikivuka kuelekea upande mmoja, ya pili ikirudi, hadi ya saba. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba Sec61 haiifanyi kazi hiyo peke yake. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kundi la protini liitwalo EMC huingiza hesi ya kwanza ya protini nyingi za ukoo wa rodopsini, na kuanzia mwaka 2020 yalielezwa makundi mengine yanayojikusanya nyuma ya Sec61, likiwamo liitwalo PAT, ambayo huzipokea hesi zenye mafuta pungufu na kuzihifadhi hadi hesi nyingine zifike, maana baadhi ya hesi haziwezi kukaa salama katika utando mpaka zishikane na jirani zake. Mshono unapokamilika, rodopsini husafirishwa hadi kwenye sehemu ya seli ya jicho iliyojaa visahani vya utando mamia kwa mamia, vilivyopangwa kama sahani kabatini.

Wingi wa kazi hiyo ni wa kustaajabisha. Seli moja ya jicho la mamalia yenye kuona gizani hubeba makumi ya mamilioni ya molekuli za rodopsini, na visahani vyake vyote hubadilishwa kwa vipya ndani ya siku 10 hivi, jambo lililoelezwa na Richard Young mwaka 1967. Maana yake ni kwamba katika kila seli ya namna hiyo makumi ya nyuzi mpya za rodopsini hushonwa ndani ya mafuta kila sekunde, usiku na mchana, kwa maisha yote.

Tofauti ya atomu moja

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na hakuna ziwa duniani linalolizidi kwa kina isipokuwa Baikal la Urusi. Humo wanaishi samaki wapatao aina 240 wa jamii ya siklidi, ambayo ni jamii ya sato na perege, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Miongoni mwao ni kuhe, anayejulikana sana katika masoko ya Kigoma, ambaye ndiye siklidi mkubwa kuliko wote. Baadhi yao huishi kwenye mawe ya ufukweni penye mwanga tele wa rangi zote, na wengine hukaa mbali chini, hadi mpaka wa oksijeni ulio kati ya mita 100 na 200, ambako mwanga mwekundu umeshamezwa na maji tangu mita za mwanzo na kilichobaki ni samawati hafifu.

Mwaka 2005 Tohru Sugawara na wenzake kutoka Japani na Ulaya walichapisha uchunguzi wa jeni za rodopsini za samaki wa kina kirefu wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa, ambalo katika nchi nyingine huitwa Malawi. Waligundua kwamba katika maziwa hayo mawili, kila moja kwa wakati wake na bila samaki hao kurithishana, amino asidi ya nafasi ya 292 ilikuwa imebadilika kutoka alanini kuwa serini, na kwamba badiliko hilo pekee huisogeza rodopsini kwa takriban nanomita 10 au zaidi kidogo kuelekea mwanga wa samawati. Alanini na serini hutofautiana kwa atomu moja tu ya oksijeni. Nafasi ya 292 iko katika hesi ya saba, mzunguko mmoja tu wa hesi kabla ya nafasi ya 296, ambayo ndiyo inayoishika retinali, molekuli ndogo inayonasa mwanga, na kwa ujirani huo atomu moja ya oksijeni hutosha kubadili rangi ambayo jicho huipokea vizuri zaidi.

Ukiliangalia badiliko hilo kwa kulikumbuka somo la mlango, linafundisha zaidi ya habari ya rangi. Hesi ya saba tayari imebeba katikati yake amino asidi yenye chaji, ile ya nafasi ya 296, ambayo kwa tabia yake haipendi mafuta, na kuiongezea serini, ambayo nayo hupenda maji kuliko alanini, ni kuusogeza mzigo karibu zaidi na mpaka wa kile ambacho utando unaweza kukikubali. Samaki aliyepata badiliko ambalo lingelifaa jicho lakini likakataliwa mlangoni asingeweza kuona vizuri katika mwanga hafifu wa vilindi. Kwa hiyo kila aina ya samaki yenye badiliko hilo inayoishi leo katika vilindi vya maziwa hayo ni ushahidi wa badiliko lililopita mitihani miwili, wa mwanga ulio majini na wa mshono ulio ndani ya seli.

Mawese, macho ya watoto, na maji ya chumvi na sukari

Retinali, ile molekuli inayoshikwa katika nafasi ya 296, hutokana na vitamini A, kama alivyobaini George Wald aliyeikuta vitamini hiyo katika retina mwaka 1933 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Mwili wa mnyama hauwezi kuitengeneza pasipo chakula, na mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa ni karotini, ambayo ndiyo inayoyapa mawese wekundu wake. Mkoa wa Kigoma ndio kitovu cha michikichi Tanzania, na kituo cha utafiti wa zao hilo kiko Kihinga mkoani humo. Hata hivyo mafuta ya mchikichi yanaposafishwa kiwandani na kupaushwa ili yawe na rangi ya dhahabu, karotini hiyo huondolewa. Samaki wadogo wanaoliwa wazima, pamoja na macho na ini lao, nao ni chanzo kizuri, ingawa jua kali la kuanikia hupunguza vitamini hiyo. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri jioni, akijikwaa wakati wenzake wanaona njia, kwa sababu rodopsini zake zimeshonwa sawasawa lakini hazina cha kunasia mwanga. Na asipotibiwa anaweza kupofuka kabisa. Kwa sababu hiyo matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka nchini kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na kila mzazi anapaswa kuyachukulia kama chanjo.

Upungufu wa chakula si njia pekee ya kuipoteza rodopsini. Mwaka 1990 walitambuliwa wagonjwa ambao amino asidi ya nafasi ya 23 ya rodopsini yao, prolini, imebadilika kuwa histidini, na protini hiyo, ingawa huingizwa katika utando, hujikunja vibaya, huzuiliwa ndani ya retikulamu endoplazimu na kuvunjwavunjwa, hadi seli zenyewe hufa na uoni huanza kutoweka kwa kuanzia na ule wa usiku. Ugonjwa huo unaonyesha kwamba seli haikosi kukagua kazi ya mshonaji wake, na kwamba ukaguzi ukizidiwa na kasoro, gharama yake hulipwa na seli nzima.

Mlango uleule hushona pia protini zinazookoa maisha katika utumbo. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walisongamana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, na kipindupindu kikazuka miongoni mwao. Ugonjwa huo huua kwa kuukamua mwili maji, lakini protini iitwayo SGLT1, ambayo hupita katika utando wa seli za utumbo mara 14, hubaki ikifanya kazi, na kazi yake ni kuivuta sukari na chumvi kwa pamoja kuingia ndani, maji yakifuata. Jambo hilo, lililopendekezwa na Robert Crane mwaka 1960, ndilo msingi wa ORS, maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuhara, na ndiyo maana maji hayo lazima yawe na sukari na chumvi kwa kipimo, maana SGLT1 huvihitaji vyote viwili ili ifanye kazi yake.

Maji maangavu

Mabadiliko yaliyoyafanya macho ya samaki wa Ziwa Tanganyika yawe kama yalivyo yametokea katika maji maangavu, ambamo mwanga wa samawati hushuka mbali bila kuzuiwa. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha, kwa utafiti uliofanywa upande wa Mwanza wa Ziwa Viktoria, kwamba maji yalipochafuka samaki walishindwa kutambuana kwa rangi, wakapandana ovyo, na aina zao zikaanza kupotea. Katika Ziwa Tanganyika tishio la namna hiyo huanzia nchi kavu, kwenye milima ya mwambao iliyokatwa miti, ambako kila mvua kubwa hushusha udongo hadi kwenye mawe ya ufukweni. Udongo huo hauigusi Sec61 wala haubadilishi hata amino asidi moja, na kila sekunde seli za jicho la samaki zitaendelea kushona rodopsini kwa uangalifu uleule. Lakini macho hayo yatakuwa yameundwa kwa ajili ya mwanga ambao hauyafikii tena, na anayeweza kuuzuia mwanga huo usipotee ni yule apandaye na kuitunza miti juu ya vilima vya Kigoma.